Mgeni Mpe Jembe: Jinsi Mashine Pepe Zinavyogawana Diski

 Sanaiya ndilo jina tunaloliita sisi wafanyakazi eneo la viwanda la Doha, kusini-magharibi mwa jiji, ambako barabara nyingi zinajulikana kwa namba kuliko majina, na karakana, maghala na mabweni ya wafanyakazi yamekaa bega kwa bega.

Baada ya safu iliyopita, mwanachama mmoja wa mwaka wa tatu aliniandikia swali lenye sehemu mbili. Kwanza, kama seva moja inaweza kubeba mashine pepe kumi, na diski ni moja, zinawezaje zote kuandika humo bila kufutiana kazi? Pili, jambo hilo tulitajeje kwa Kiswahili bila kumeza Kiingereza kizimakizima? Nitajaribu kuyajibu yote mawili pamoja, kwa sababu nimegundua kwamba ukikosea maneno hapa, unakosea na kazi yenyewe.

Vitenzi vitatu vya bwenini

Waingereza wana kitenzi kimoja wanachokitumia kwa kila namna ya kuwa na kitu pamoja. Sisi tunavyo kadhaa, na havilingani. Chukua chumba cha bweni hapa Sanaiya chenye watu wanne. Friji ni moja, na kila mtu ana rafu yake: friji tunaigawana. Jiko la gesi lina vichwa viwili na wapishi ni wanne: jiko tunalitumia kwa zamu, tunapokezana. Ijumaa, siku ya mapumziko, mmoja akipika pilau, linawekwa sinia moja katikati na mikono minne inaingia: chakula tunakishiriki.

Magomvi mengi ya bwenini huanza pale mmoja anapodhani mnashiriki, kumbe mwenzake anajua mnagawana. Maziwa yanatoweka kwenye rafu na hakuna anayejiona mwizi. Diski nayo ina magomvi ya aina hii hii, tena yakitokea hayaishi kwa kuombana radhi. Tuviweke basi vitenzi hivi vitatu mkononi: kugawana, kupokezana, kushiriki.

Mwenyeji na wageni wake

Mashine pepe ni kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta halisi. Ina mfumo endeshi wake, kumbukumbu yake, anwani yake ya mtandao, na inaamini ina diski yake. Programu inayoziumba na kuzisimamia mashine hizi huitwa haipavaiza. Kompyuta halisi mafundi huiita mwenyeji, na kila mashine pepe huitwa mgeni. Hapa Kiswahili hakikulazimika kubuni chochote, kwa kuwa mgeni na mwenyeji ni maneno tuliyonayo tangu zamani, pamoja na adabu zake.

Kumgawia mgeni kumbukumbu si kazi ngumu: unakata kurasa hizi zake, zile za mwenzake. Prosesa inapokezanwa: huyu anapewa kipande cha sekunde, kisha yule. Tabu iko kwenye diski. Diski ya sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika hutumia takriban milisekunde 8 kumaliza mzunguko mmoja, na mkono wake wa kusomea hauwezi kuwa mahali pawili. Wageni wanne wakiita kwa pamoja kutoka pembe nne za sahani, mkono huo unakimbizwa huku na huko, na kazi inayomalizika ni kiasi cha maombi mia moja hivi kwa sekunde. Diski za kisasa zisizo na sahani zina kasi kubwa zaidi ya hapo, ila hata kwazo kuna swali linalobaki: mgeni anamwombaje mwenyeji?

Mgeni aliyedanganywa

Njia ya kwanza ni kumdanganya. Mgeni anaonyeshwa chipu ya diski ambayo haipo. QEMU, programu iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard na kutolewa mwaka 2003, inaweza kuigiza chipu ya Intel ya miaka ya 1990 kwa uaminifu kiasi kwamba mfumo endeshi wa zamani hautambui tofauti. Uzuri wake ni kwamba huhitaji kubadilisha kitu ndani ya mgeni. Mfumo wa mwaka 1998 utawaka na kufanya kazi kama siku uliyonunuliwa.

Gharama yake inaonekana mgeni anapotaka kusoma kitu. Kwa chipu ya namna hiyo, kiendeshi, yaani ile programu ya mfumo endeshi inayozungumza na kifaa, kinapaswa kuandika idadi ya sekta zinazotakiwa, kisha anwani ya diski kwa vipande vitatu, kisha namba ya diski, kisha amri yenyewe. Hiyo ni miguso sita. Kwenye chipu halisi kila mguso ni kufumba na kufumbua. Kwa mgeni aliyedanganywa, kila mguso unamsimamisha. Prosesa inamwacha mgeni na kurudi kwa haipavaiza, haipavaiza inatazama kilichoguswa, inajifanya chipu, kisha inamrudisha mgeni alipokuwa. Mara sita, na data bado haijasogea hata baiti moja.

Ni kama kumkaribisha mtu nyumbani, ukamwambia nyumba ni yake, kisha kila anapogusa kitasa unakimbia kumfungulia kwa upande wa pili ili asijue kwamba mlango umefungwa. Yeye anastarehe, wewe unahema.

Mgeni aliyepewa jembe

Wahenga walishasema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Njia ya pili ndiyo hiyo. Mgeni anaambiwa ukweli kwamba yuko ugenini, kwamba hapa hakuna chipu, na kwamba akitaka kitu kwenye diski basi atumie utaratibu wa nyumba. Kwa maneno mengine, mfumo endeshi wake unapewa kiendeshi kilichoandikwa mahususi kwa ajili ya kuzungumza na mwenyeji.

Kimataifa mbinu hii ilipewa jina la paravirtualizesheni, na neno hilo lilipata umaarufu kupitia mradi wa Denali wa Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2002. Mwaka uliofuata, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walitangaza haipavaiza yao iitwayo Xen, iliyojengwa juu ya wazo hilo. Mwaka 2006, Amazon ilipoanza kuukodishia umma mashine pepe, ilitumia Xen, na timu iliyoijenga huduma hiyo ilikuwa Cape Town. Wale wanaodhani kwamba mambo haya huanza na kuishia mbali na bara letu, walitie hilo akilini.

Katika Xen, kiendeshi kimekatwa vipande viwili. Nusu moja inakaa ndani ya mgeni na kazi yake ni kuomba. Nusu ya pili inakaa katika mashine maalumu yenye mamlaka, ambayo kwa kawaida ndiyo iliyoachiwa viendeshi halisi vya vifaa. Nusu ya mgeni haijui chochote kuhusu aina ya diski iliyopo. Iwe ya sahani, iwe ya chipu, iwe iko kwenye seva nyingine ng'ambo ya mtandao, kwake ni orodha ndefu ya bloku zenye namba kuanzia sifuri.

Linux ilipata haipavaiza yake ya ndani, KVM, mwezi Februari 2007. Wakati huo kila haipavaiza ilikuwa na viendeshi vyake, na watunzaji wa Linux walikuwa wakitunza kazi ile ile mara nyingi. Rusty Russell, mtunzi wa programu kutoka Australia aliyekuwa akifanya kazi IBM, alipendekeza lugha moja ya wageni wote, akaiita virtio. Iliingia katika toleo la Linux la 2.6.24 mwezi Januari 2008, na baadaye toleo lake la kwanza kamili likaidhinishwa na shirika la OASIS. Kiendeshi chake cha diski ndicho mtakachokutana nacho zaidi mkiingia kazini.

Ubao wa vikaratasi

Mazungumzo ya mgeni na mwenyeji yanakwendaje? Fikiria dirisha la jikoni kwenye mesi ya kambi. Ukutani kuna ubao wenye misumari 32. Mla chakula anaandika oda kwenye kikaratasi, anakitundika kwenye msumari unaofuata, kisha anagonga kengele. Mpishi anachukua vikaratasi kwa mpangilio, anapika, na kwenye msumari ule ule anatundika jibu: tayari, au samahani imeshindikana. Misumari ikifika mwisho, wanaanza tena mwanzo. Kwa kuwa inazunguka hivyo, mafundi huuita ubao huo pete.

Pete ya diski ya Xen, katika umbo lake la kawaida la mwanzo, ilikuwa ukurasa mmoja wa kumbukumbu, baiti 4,096, wenye nafasi 32. Ukurasa huo ndio ambao mgeni na mwenyeji wanaushiriki kwa maana kamili ya neno. Kikaratasi hakibebi data. Kinasema tu: nataka kusoma, kuanzia sekta namba fulani, na uniwekee kwenye kurasa hizi za kumbukumbu yangu. Ombi moja liliweza kutaja kurasa zisizozidi 11, yaani kilobaiti 44. Pete ikijaa maombi makubwa kabisa, kilobaiti 1,408 zinakuwa njiani kwa wakati mmoja, na hakuna baiti iliyopita kwenye pete yenyewe.

Virtio ina majedwali matatu: moja la kueleza mahali data ilipo katika kumbukumbu, la pili la maombi yaliyo tayari kuchukuliwa, na la tatu la yaliyokamilika. Kila ombi la diski lina kichwa cha baiti 16 kinachotaja aina ya kazi na namba ya sekta, kikihesabu kwa sekta za baiti 512. Kisha inafuata data, na mwisho kabisa ipo baiti moja tupu ambayo mwenyeji huijaza: sifuri kama mambo ni salama, moja kama diski imeshindwa, mbili kama ombi halieleweki.

Kuna mambo mawili yanayoifanya njia hii iwe ya haraka. La kwanza ni kengele. Mgeni anaweza kutundika vikaratasi kumi kisha akagonga mara moja. Na mpishi akiwa tayari amesimama mbele ya ubao, huweka alama ya kusema "usigonge, ninaona". Ile safari ya kutoka kwa mgeni kwenda kwa haipavaiza, iliyokuwa ikifanyika mara sita kwa ombi moja, sasa inaweza kufanyika mara moja kwa maombi mengi.

La pili ni utaratibu. Mgeni hukamilisha kikaratasi kwanza, ndipo asogeze ile hesabu inayosema "nimefika msumari wa saba". Akisogeza hesabu kabla wino haujakauka, mpishi atasoma oda nusu. Prosesa za kisasa hupenda kupangua kazi ili ziende mbio, kwa hiyo viendeshi hivi vina amri maalumu ya kuizuia prosesa isipangue hapo.

Kugawana si kushiriki

Sasa turudi kwenye vitenzi vyetu. Diski ya mgeni ni nini hasa kwa mwenyeji? Mara nyingi ni faili moja kubwa, au kipande kilichokatwa kwenye diski halisi. Mgeni wa kwanza akiomba sekta namba sifuri, mwenyeji anajua kwamba sifuri ya huyo iko, tuseme, mwanzo wa faili la kwanza. Mgeni wa pili akiomba sifuri, anapelekwa kwenye faili la pili. Akiomba sekta iliyozidi ukubwa wa fungu lake, anajibiwa kwamba imeshindikana. Huku ndiko kugawana: rafu za friji, na mwenyeji ndiye anayesimama mlangoni pa friji.

Mwendo wa mkono wa diski, au nafasi ya kupitisha maombi, wanapokezana. Mwenyeji huchukua kutoka kwenye pete ya huyu, kisha ya yule, na anaweza kumwekea kila mmoja kikomo cha maombi kwa sekunde. Bila kikomo, mgeni mmoja mwenye pupa anaweza kukaa jikoni usiku kucha na wengine wakalala njaa.

Na kushiriki? Hapa ndipo wanafunzi wengi wa kompyuta hudondoka. Wanasikia kwamba mashine pepe "zinatumia diski kwa pamoja", wanaelekeza wageni wawili kwenye faili lile lile moja, wote wakiwa na ruhusa ya kuandika, kisha wanashangaa kuona mafaili yameharibika. Kila mgeni huweka nakala ya orodha ya mafaili katika kumbukumbu yake, akiamini kwamba hakuna mwingine anayeibadilisha. Wa kwanza anaona bloku fulani iko tupu, anaandika. Wa pili naye, kwa orodha yake ya zamani, anaiona tupu, anaandika juu yake. Mwenyeji hawezi kuwaamulia, kwa sababu yeye anaona namba za bloku tu, hajui maana ya kilichomo. Mifumo ya kawaida ya mafaili kama ext4 imeundwa kwa kugawana. Kushiriki diski kunataka mfumo wa mafaili ulioundwa kwa ajili hiyo, kama OCFS2 au GFS2, ambamo wageni huombana kufuli kabla ya kugusa sinia.

Kuna namna moja ya kushiriki isiyo na hatari, nayo ni kusoma tu. Unaweza kuwa na faili moja la msingi lenye mfumo endeshi, wageni ishirini wakalisoma, na kila mmoja akaandika mabadiliko yake kwenye faili lake dogo la pembeni. Ni sawa na kitabu kimoja cha maktaba kinachosomwa na darasa zima, kila mwanafunzi akiandika katika daftari lake. Mradi hakuna anayeandika kitabuni, wote wako salama.

Neno la mwenyeji

Mgeni aliyedanganywa na mgeni aliyepewa jembe wanafanana katika jambo moja: wote wawili wanategemea neno la mwenyeji. Hili si jambo la vitabuni tu, na hapa Sanaiya nimeliona.

Tangu mwaka 2015 sheria ya Qatar inawataka waajiri wawalipe wafanyakazi kupitia benki, chini ya Mfumo wa Ulinzi wa Mishahara, na malipo huandamana na faili la kielektroniki. Maana yake ni kwamba saa za mtu aliyeshika koleo zinapita kwenye diski ya mtu fulani kabla hazijawa pesa. Katika kampuni moja nisiyoitaja jina, seva ndogo ilikuwa na wageni wanne: saa ya mahudhurio, ghala, uhasibu, na kamera za ulinzi. Kamera ziliandika mchana na usiku. Saa ya mahudhurio ikawa nzito, foleni ya kuweka kidole alfajiri ikawa ndefu hadi nje ya geti, na mabasi yakachelewa kuondoka.

Fundi aliyekuwapo zamani hizo alitafuta njia ya mkato. QEMU ina mipangilio kadhaa ya kache ya diski, na mmoja wao watunzi wenyewe wameuita usio salama. Kwa kawaida mgeni anapotaka uhakika, hutuma ombi la aina ya pekee linalosema: yote niliyokupa yafikishe kwenye diski yenyewe, ndipo unijibu. Katika mpangilio ule, mwenyeji anajibu "yamefika" papo hapo, huku data bado iko kwenye kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika. Kasi ikapanda kweli. Foleni ya getini ikaisha, na fundi akashukuriwa.

Kisha siku moja ya joto kali swichi kuu ya jengo ikajizima. Umeme uliporudi, mgeni wa mahudhurio aliamka akiwa hana saa za ziada za jioni mbili za kikundi kizima. Kiendeshi cha mgeni hakikuwa na kosa. Kiliomba uthibitisho, kikapewa baiti ya sifuri, kikaamini. Aliyesema uongo ni mwenyeji.

Kilichowaokoa wale watu ni daftari. Msimamizi wao, Mkenya, alikuwa na mazoea ya kuandika kwa kalamu jina, saa ya kuingia na saa ya kutoka. Uhasibu uliyakubali maandishi yake na saa zikalipwa. Nilipokuja kuitazama seva hiyo baadaye, suluhisho halikuwa gumu: kamera zilihamishiwa diski yao, mahudhurio yakarudishwa kwenye mpangilio unaoheshimu ombi la uthibitisho, kila mgeni akawekewa kikomo, na ikanunuliwa betri ya kushikilia umeme kwa dakika chache. Foleni haikurudi. Njia ya mkato haikuwa na haja tangu mwanzo, kwa sababu tatizo lilikuwa la kupokezana, na yeye alilitibu kwa kuvunja ahadi.

Kwa hiyo mkisoma mahali kwamba viendeshi hivi ni vya "kasi", kumbukeni kwamba kasi yao halali inatokana na kupunguza safari za bure. Ile inayotokana na kujibu kabla ya kutenda ni mkopo, na atakayelipa si fundi aliyeuchukua.

Majina

Nimalizie na sehemu ya pili ya swali. "Mashine pepe" limeshaenea, na sina vita nalo, ingawa wakulima wa mpunga watatukumbusha kwamba pepe ni punje isiyo na kitu ndani. Mashine hizi zina kitu ndani, hata mshahara wa mtu.

Kwa mbinu ya mgeni aliyepewa jembe, "paravirtualizesheni" linatamkika, lakini halimwambii msikilizaji chochote. Napendekeza "upepe shirikishi", kwa kuwa mgeni anashirikishwa katika kazi badala ya kufichwa. Kwa zile nusu mbili za kiendeshi, wengi husema "cha mbele" na "cha nyuma". Mimi nashawishika na nyumba zetu za pwani. Mgeni hupokewa barazani. Kisima, jiko na ghala viko uani, na mgeni haendi huko, huagiza na kuletewa. Basi nusu iliyo ndani ya mgeni tuiite kiendeshi cha barazani, na ile iliyo kwa mwenyeji kiendeshi cha uani. Anayelisikia jina hilo kwa mara ya kwanza atajua ni yupi anayeomba na ni yupi anayegusa diski.

Na kwa kitendo chenyewe, tuache kutafsiri kwa kitenzi kimoja. Tuseme mashine pepe zinagawana diski, zinapokezana nafasi ya kuifikia, na zinashiriki faili la msingi la kusomwa tu. Sentensi hiyo ni fupi, na mwanafunzi anayeielewa hataelekeza wageni wawili kwenye faili moja. Wahadhiri wetu wa isimu na istilahi, nangojea pingamizi zenu, hasa kuhusu "uani".

Zoezi la mwezi huu ni jepesi. Ukipata mashine pepe ya Linux, iwe ya maabara ya chuo au ya kukodi, andika amri lsblk utazame jina la diski. Ukiona vda, mgeni wako anazungumza virtio. Ukiona xvda, anazungumza lugha ya Xen. Ukiona sda, usikate shauri haraka, kwa maana jina hilo hutumiwa na diski halisi, za kuigizwa, na hata baadhi ya zile za upepe shirikishi. Google ilifungua kanda yake ya kukodisha mashine hapa Doha mwaka 2023, na Microsoft iliitangulia mwaka 2022, kwa hiyo hata mashine utakayoikodi ukiwa chuoni yaweza kuwa mgeni wa nyumba iliyo mji huu ninaokaa. Ukishaliona jina, muulize anayeisimamia seva swali moja zaidi: mgeni akiomba uthibitisho, mwenyeji anajibu kabla au baada ya kuandika? Mniandikie mtakayojibiwa.

Kiswahili kitukuzwe. Tukutane toleo lijalo.